Maswali ya Wasomaji: Ditekta Inalia Kila Hatua, Nichimbe Gani Niache Gani?

SWALI: Habari fundi. Mimi niko Ikolomani, Kakamega. Mwezi uliopita nilinunua ditekta mpya ya kutafuta metali chini ya ardhi, ile ya skrini na namba, pesa nimeweka karibu mwaka mzima. Lakini hapa bomani inalia kila hatua, nachimba napata vifuniko vya soda, misumari, foili, siku ya tatu mgongo ukakataa. Jirani ananiambia nifunge namba zote za chini ndio takataka ziache kulia. Nifuate hiyo? Natafuta dhahabu, na sarafu za zamani pia. – Msomaji, Ikolomani

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa mgongo, na tafadhali usifunge hizo namba bado. Najua vile inachosha. Mimi wiki zangu za kwanza nilitembeza ya kwangu kwa boma la mjomba, uwanja ambao umewekwa hema za matanga na harusi miaka na miaka, na we unajua watu wakikusanyika kwetu soda zinafunguliwa kreti kwa kreti na vifuniko vinabaki hapohapo kwa nyasi. Siku moja nilijaza kopo zima la kimbo na hakukuwa na kitu cha maana hata kimoja. Kwa hivyo nakuelewa kabisa.

Sasa sikiza hii mashini inafanya nini. Ile duara ya chini, koili, inatuma nguvu ya sumaku kwa udongo, metali ikiguswa na hiyo nguvu umeme mdogo unazunguka ndani yake na kutoa nguvu yake ya sumaku inayorudi juu, na mashini inapima vile jibu limerudi kisha inakupea namba na sauti. Haijui jina la kitu. Inajua tu kama kinapitisha umeme vizuri ama vibaya, na ukubwa wake na umbo lake vinaingia hapo ndani pia. Ndio maana chuma cha msumari kinakaa chini kabisa, halafu inakuja foili, halafu vipande vya alumini, halafu juu huko shaba na fedha. Na dhahabu ndogo inakaa wapi? Inakaa palepale na foili, ile karatasi ya vidonge inayong'aa. Ukifunga namba za chini vile jirani anasema utapata amani, lakini dhahabu ndio ya kwanza kunyamazishwa. Funga chuma peke yake, ile ya chini kabisa, na hata hiyo siku zingine ifungue usikize, kwa sababu msumari ukikaa karibu na sarafu mashini inaweza kunyamazia vyote viwili.

Kabla urudi shambani tengeneza kishamba cha mazoezi nyuma ya nyumba. Tafuta mahali mashini haingurumi, chimbia vitu unavyovijua, msumari, kifuniko cha soda, foili ya vidonge, shilingi ya sasa, na kama kuna mzee ama nyanya ako na ile senti 10 ya zamani ya shaba yenye tundu katikati, omba akuazime siku mbili. Weka kila kitu mbali na kingine hatua moja, vingine kina cha kidole, vingine kina cha kiganja, kisha weka kijiti cha alama. Pita hapo kila jioni dakika 20 bila kuangalia skrini, sikio tu, na ukiwa na hedfoni ni vizuri zaidi. Baada ya wiki utashangaa, sikio litakuwa linajua kabla jicho halijafika kwa namba.

Kifuniko cha soda nitakieleza peke yake kwa sababu ndicho kinadanganya watu kuliko vyote. Ni chuma, lakini ni bapa na duara, kwa hivyo mashini nyingi zinakilia juu kama sarafu. Mambo matatu yanakifichua. Kwanza namba haitulii, inaruka, sasa 40 sasa 70, wakati sarafu ikiwa haiko ndani sana inashikilia karibu na namba yake. Pili zunguka robo duara upitishe koili kwa njia nyingine kama unachora msalaba, kitu kizuri kinalia vilevile pande zote, chuma mara nyingi sauti inavunjika ama inalia mara mbili, bip-bip. Tatu, na hii ndiyo naipenda, ukiwa juu yake tingisha koili kidogo kidogo huku unarudi nyuma polepole mpaka ukingo tu ndio unakigusa, sarafu itazimika safi bila maneno, kifuniko kitashuka kwa ule mngurumo wa chuma kabla kipotee. Fanya hivyo kwa kishamba chako mara 50 mpaka mkono uzoee.

Halafu udongo wenyewe. Huko kwenu ni nyekundu, umejaa chuma cha asili, na mawe mengine ya murram yanalia kama metali. Hiyo si ubovu wa mashini. Tafuta mahali safi pasipo na metali, weka ile seting ya graundi balansi, yaani ya kuzoesha mashini na udongo wa hapo, pandisha na kushusha koili kutoka usawa wa goti mpaka karibu na ardhi hadi sauti isibadilike tena, na urudie kila ukihama, ukitoka shamba la mahindi ukashuka mtoni udongo si ule. Senstiviti, yaani ukali wa mashini kusikia, watu wanaweka juu kabisa wakidhani ndio itafika mbali, ila kwa udongo kama huo inazidisha kelele tu, ishushe mpaka itulie. Koili itembee bapa karibu na ardhi, usiirushe pembeni kama unafyeka nyasi, na mpito mmoja uingie juu ya ule uliopita. Ukiona inalia hata ukiinua koili mpaka gotini, hapo chini kuna kitu kikubwa, sufuria nzee ama bati.

Kuhusu dhahabu nikuambie ukweli, heri uudhike sasa kuliko baadaye. Watu walifurika Kakamega kutafuta dhahabu kuanzia 1931, na mgodi wa Rosterman ukaendelea mpaka 1952, kwa hivyo mahali hao watu walilala na kupika kumejaa misumari, makopo na vyuma vya kila aina. Na dhahabu nyingi ya huko iko ndani ya mawe, vipunje vidogo sana, ndio maana watu wanasaga mawe na kuosha kwa karai. Ditekta haisikii vumbi la dhahabu hata likiwa mingi. Inasikia kipande, hata kidogo kama punje ya mchele ikiwa mashini ni ya masafa ya juu, yaani mawimbi yake yanatetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde, kilohezi 40 na kuendelea, lakini nyingi za sarafu ni kilohezi 7 hadi 15, angalia ya kwako kwa kitabu chake. Na usiingie kwa yale mashimo ya zamani, hata kama sauti inakuita kutoka mdomoni mwa shimo. Yanaporomoka.

Kwa sarafu una nafasi nzuri zaidi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha, zile za 1948 na baadaye hazina. Jaribu chini ya miti mikubwa ya soko za zamani, na kwanza uombe mwenye shamba. Ukichimba kata nyasi kama kifuniko, rudisha, kanyaga, na takataka zote zitie kwa mfuko uende nazo, ukizirudisha kwa shimo kesho utazichimba tena wewe mwenyewe.

SWALI: Ya kwangu inapiga kelele yenyewe hata nikiishika hewani. Niko Nyalenda, Kisumu. Imeharibika?

JIBU: Hapana dada, inasikia umeme. Hapo mtaani kuna nyaya juu, kuna waya za nyumba, na simu yako iko mfukoni. Weka simu mbali, badilisha chaneli ya masafa kama iko nayo, shusha senstiviti, chaji betri ijae. Kisha ipeleke mahali pa wazi mbali na nguzo. Ikinyamaza huko, ni nzima.

SWALI: Niko Nakuru, naweza kupita na ditekta pale Hyrax Hill? Na nikipata kitu ni changu?

JIBU: Hapo usiende nayo kabisa. Ni eneo la makumbusho, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba hapo 1937, na kitu cha kale kikitolewa pale kilipolala bila kuandikwa kilikuwa kina gani na karibu na nini, hakuna mtaalamu atakayeweza kurudisha hayo maelezo. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inalinda vitu vya kabla ya 1895 popote vilipo, hata kwa shamba lako, kwa hivyo ukipata kitu kama hicho kiache hapo, piga picha, toa taarifa kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu. Madini nayo, kwa sheria ya 2016, ni mali ya umma hata yakiwa chini ya ardhi yako, ukitaka kuchimba dhahabu omba kibali cha wachimbaji wadogo kwa ofisi ya madini iliyo katika kaunti yako kwanza.