Paka anatoa povu akipewa dawa ya mkojo: nimwachishe?

SWALI: Daktari, paka wangu dume aliziba mkojo wiki iliyopita, akawekewa mpira, sasa yuko nyumbani. Amepewa kapsuli za prazosini, asubuhi na jioni. Kila nikimpa anatoa povu jingi mdomoni. Nilijaribu kuifungua nikachanganya unga wake kwenye chakula, akanusa, akaondoka. Tangu juzi anakojoa vizuri. Naweza kuacha dawa?

JIBU: Usiache kwanza. Huenda anakojoa vizuri kwa sababu ya dawa hiyohiyo unayotaka kuiacha. Prazosini haiui vijidudu wala haiyeyushi mawe. Kazi yake ni kulegeza misuli inayobana mrija wa mkojo, na mrija wa dume ni mwembamba mno. Ukishapitishwa mpira huwa umevimba. Siku hizi za mwanzo ndizo anazoweza kuziba tena. Wa kukuambia uache ni daktari aliyemtibu, kwa hiyo mpigie kabla ya kukata dozi. Mwambie pia ukimwona paka amelegea au anayumba, maana dawa hii hushusha shinikizo la damu.

Povu lisikutishe. Dawa ni chungu, na paka akionja uchungu mate humtiririka dakika kadhaa, kisha yanakatika. Ganda la kapsuli lipo kuficha uchungu huo; ulipoifungua ulimwonjesha wote. Tena ukautia kwenye chakula! Paka akishakitilia shaka chakula anaweza kukisusa kabisa, na huyu wako anahitaji kula chakula chenye majimaji na kunywa sana ili mkojo wake uwe mwepesi.

Mpe kapsuli nzima, uipake siagi kidogo iteleze. Mviringishe taulo, kichwa kibaki nje. Shika kichwa kwa juu, kidole gumba shavu moja na vingine shavu la pili, uinue pua itazame dari. Taya la chini litaachia lenyewe. Iweke nyuma kabisa, pale ulimi unapoinuka, si kwenye ncha. Funga mdomo, msugue koo taratibu. Akilamba pua, amemeza.

Hapo wengi humwachia, nami huwa nawarudisha nyuma: bado maji. Kapsuli kavu inaweza kunasa kwenye umio wa paka na kuuchubua. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, hufikia kuacha kovu linalobana njia ya chakula. Chukua bomba la sindano, bila sindano, umpe mililita 5 hivi za maji kupitia pembe ya mdomo, kidogo kidogo asipaliwe.

Ukisahau dozi na ya pili imekaribia, ruka, usimpe mbili pamoja. Na akionekana ana maumivu usimpe panado: kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Chunguza mchanga anaojisaidia kila siku, uhesabu mabonge ya mkojo na ukubwa wake. Akichuchumaa mara kwa mara bila kitu kutoka, akilia, akijilamba sehemu za siri au akitapika, usidhani ni choo kigumu, kosa ambalo nakutana nalo kila mara. Mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mkojo ukizuiwa, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili.