Maswali yenu kuhusu Rungwe: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na kima wa kipunji

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za Rungwe, wilaya ya milimani kusini mwa jiji la Mbeya. Nimejibu zile zinazogusa watu wengi.

Natokea Dar es Salaam kwa basi na nina siku mbili tu za kutembea. Zinatosha kuona vivutio vyote?

Hazitoshi, na nakusihi usijaribu. Wapo wanaoamka Mbeya alfajiri, wakapiga picha Ngozi, wakakimbilia Daraja la Mungu, na jioni wako barabarani wanarudi. Watu hao wameona vibao vya njiani tu. Rungwe ni nchi ya kutembea kwa miguu, ukiongozwa na mtu wa hapo anayejua shamba hili ni la nani na njia ile inatokea wapi.

Kwa siku mbili, lala Tukuyu, makao makuu ya wilaya. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 70, na kosta za Tukuyu na Kyela zipo kutwa nzima. Siku ya kwanza nenda Ngozi, ya pili Daraja la Mungu na Kijungu. Mengine yaache kwa safari nyingine.

Njoo kati ya Juni na Oktoba. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukija Aprili utateleza kuanzia asubuhi hadi jioni. Ila Juni na Julai kuna baridi ya kweli. Beba sweta nzito na koti la mvua hata kama jua linawaka Mbeya mjini.

Mama yangu ana miaka 60 na ushei, na anatamani kuliona Ziwa Ngozi. Ataweza? Na watoto wanaruhusiwa kuogelea?

Kama mama amezoea kutembea, ataweza, mradi msimharakishe. Kutoka barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu hadi mguu wa mlima ni kilomita kadhaa. Mchukulieni bodaboda au gari ili nguvu zake zibaki kwa ajili ya kupanda. Kisha mnaingia msituni. Njia ni nyembamba, chini ni udongo mweusi wa volkano uliochanganyika na majani yaliyooza, na mizizi imekatiza njia kila mahali. Sehemu ya mwisho ni kali hasa, hapo mtu hushika mizizi na mashina ya miti kwa mikono. Mkatieni mama fimbo ngumu, mtangulizeni mwongozaji, na wenye miguu mizuri wafuate nyuma.

Ukifika ukingoni, miti inafunguka ghafla na ziwa liko chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Hakuna mto unaotoka humo. Ni kasoko: mlima ulitapika vilivyokuwa tumboni mwake, kilele kikadidimia, maji yakajaa shimoni. Ukungu huja kwa kasi, kwa hiyo fikeni ukingoni kabla ya saa tano asubuhi.

Kuogelea, hapana. Kushuka hadi majini ni hatari yenyewe, na chini kuna gesi ya kaboni dayoksidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni. Mtoto ndiye wa kwanza kuivuta kwa sababu kimo chake ni kifupi. Bakini juu.

Ina maana volkano hizi ziko hai? Zinaweza kulipuka tena?

Zimelala. Mlima Kiejo, kusini mashariki mwa Mlima Rungwe, ulitoa lava kwa mara ya mwisho mwaka 1800 hivi, jambo la juzi tu kwa umri wa milima. Joto bado lipo chini, ndiyo maana kuna chemchemi za maji moto na hiyo gesi. Gesi yenyewe huvunwa huko huko Rungwe na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji, kwa hiyo huenda soda uliyokunywa leo ina pumzi ya volkano ndani yake.

Daraja la Mungu lilijengwa na nani hasa? Babu alituambia ni Wajerumani.

Hakuna fundi aliyeligusa. Lava ilitiririka ikaganda juu ya bonde la Mto Kiwira, na maji yakajitafutia njia chini ya mwamba. Ukisimama pembeni unaona upinde wa jiwe jeusi, miti na nyasi zimeota mgongoni, na mto unapita chini yake. Mbele kidogo kuna Kijungu, ambako mto mzima unajisokota ndani ya shimo la mwamba na kupotea kabla ya kutokea tena. Mwamba wa pale unateleza sana. Usisogee ukingoni kutafuta picha. Na kwa kuwa eneo hilo ni la chuo cha Magereza, ripoti getini kwanza.

Wajerumani wa babu wako kweli walikuwepo, lakini Masoko, ambako boma lao la mawe bado limesimama kando ya ziwa jingine la kasoko. Wenyeji husimulia kwamba walipokuwa wanakimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walitupa sarafu majini.

Nikipanda Mlima Rungwe nitamwona kipunji?

Usimpe mtu fedha kwa ahadi hiyo. Kipunji ni kima wa hudhurungi mwenye nywele ndefu na kishungi kichwani. Wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 hapo Rungwe, na mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti likamkuta katika Milima ya Udzungwa. Dunia ilitangaziwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake peke yake, Rungwecebus. Lakini wawindaji wa vijiji vya mlimani walikuwa wanamjua kwa jina hilo hilo la kipunji. Ndio waliowadokeza watafiti. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, maana heshima hiyo ni yao.

Hesabu iliyofanywa baadaye ilipata wanyama wapatao 1,100 tu, katika misitu yote miwili. Wanaishi juu mitini na ni wepesi kujificha. Mara nyingi utausikia mlio wao mzito kabla hujaona mkia. Msitu wa Mlima Rungwe ulihifadhiwa rasmi mwaka 2009 na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Anzia ofisi yao Tukuyu upate kibali na mwongozaji. Kilele kina mita 2,960 hivi, na kupanda na kushuka ni kazi ya siku nzima.

Mbali na milima, utamaduni wa Wanyakyusa nitauona wapi?

Anza kwa salamu. Sema "Mwaghonile" kwa mkubwa, ukipewa kitu jibu "Ndaga", na utaona milango inavyofunguka. Waombe wazee wakusimulie jinsi vijana wa rika moja zamani walivyoondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Pale Lubaga kuna msitu wa tambiko wa Lwembe, mtawala wa kimila wa Wanyakyusa. Si bustani ya kutalii: usiingie bila ruhusa ya wazee, na ukikataliwa, pokea.

Ukiwa na siku ya ziada, teremka hadi Matema, Ziwa Nyasa, ambako akina mama wa Kikisi huuza vyungu wanavyofinyanga kwa mikono.

Na Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua, twende lini?

Desemba hadi Machi, maua yakichanua. Ni msimu wa mvua, hivyo tafuta gari lenye nguvu. Usichimbe wala kununua vikanda, viazi vya okidi. Biashara yake ya kupeleka Zambia imemaliza maua mengi.

Tule nini?

Mbalaga, ndizi za kupika, kwa maharage au nyama, na maziwa mgando pembeni. Maparachichi nunua kwa akina mama wa barabarani, na mwambie muuzaji unakula leo au keshokutwa, atakuchagulia mwenyewe.