Jibu: Kwa nini kasi ya mtumbwi inatoka sifuri
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini swali lako la mtumbwi unaovutwa kwa kamba kutoka juu ya gati linakupa kasi ya sifuri, ilhali mtumbwi unasogea. Swali linasema kamba inafupishwa mita 1 kwa sekunde, nalo linataka kasi ya mtumbwi ukiwa mita 4 kutoka kwenye gati. Kosa ni moja: uliweka 4 mahali pa x, yaani umbali wa mtumbwi kutoka kwenye gati, kabla ya kutafuta kasi ya badiliko, na namba isiyobadilika haina kasi.

Simama kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi, umtazame anayevuta kamba. Kimo cha gati, tuseme mita 3 juu ya maji, hakibadiliki. Urefu wa kamba L na umbali x ndivyo vinavyopungua pamoja. Kimo, umbali na kamba vinafanya pembetatu mraba, kwa hiyo anza na kanuni ya Pythagoras, x² + 9 = L², uache herufi zikae, kisha utafute derivativu, yaani kasi ya badiliko, ya kila upande kwa kufuata wakati t, upate 2x(dx/dt) = 2L(dL/dt). Hapo ndipo uweke namba: x ni 4, L ni 5 (maana 16 + 9 = 25), na dL/dt ni −1, kwa kuwa kamba inafupishwa mita 1 kwa sekunde. Jibu la dx/dt ni −1.25, yaani mita 1.25 kwa sekunde, alama ya kutoa inaonyesha kwamba umbali unapungua.

Usishangae kwamba mtumbwi unakwenda kasi kuliko kamba. Wengi huzidisha 1 kwa 4/5, yaani x/L, wakapata 0.8, nao wamegeuza mambo, maana mwendo wa mtumbwi ndio unaogawanyika, na sehemu yake inayofuata mwelekeo wa kamba ni 1.25 × 4/5, yaani 1.