MP3 pleya haionekani kwenye Windows 98

Swali: Fundi, nina kompyuta ya zamani ya Windows 98, humo ndimo zilimo kaswida za madrasa yetu. Nimenunua MP3 pleya ya GB 2 nizihamishie, ila nikichomeka kinatokea kidirisha kinaomba CD ya draiva na mimi CD sina. Kuna fundi kaniambia pleya mbovu, niifomati. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu usifomati, nakuomba. Hii "fomati" imeshakuwa Panadol ya kila ugonjwa na inanikera sana maana naletewa pleya nzima kabisa zimeharibiwa hivyo hivyo. Pleya yako haina shida, ni Windows 98 ndiyo haikuja na draiva ya jumla ya flashi, yaani kijiprogramu cha kuifanya kompyuta itambue flashi na pleya kama yako, enzi zile kila kifaa kilikuja na CD yake, ya jumla imeanza kuwemo ndani ya Windows Me na 2000. Sasa ufomati hata mara kumi draiva itatoka wapi? Tena huyo fundi ataipeleka kwenye kompyuta mpya, achague NTFS, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili wa Windows za baadaye, basi hapo pleya yenyewe haisomi na Windows 98 nayo haisomi. Inatakiwa mpangilio wa zamani, FAT32 au FAT ya kawaida, na yako imetoka nayo dukani.

Bonyeza kulia kwenye My Computer, ingia Properties, soma namba. Ukikuta 4.10.2222 A hiyo ni Second Edition, tafuta pakeji ya draiva za USB inaitwa NUSB, toa kwanza draiva zote za USB ulizojaribisha, ndo uiweke halafu uwashe upya. Ukikuta 4.10.1998 hilo ni toleo la kwanza, NUSB usiiweke, haikutengenezwa kwa hilo. Kwenye pleya nako ingia setingi za USB uchague MSC, yaani pleya ijitambulishe kama flashi, ukiacha MTP, ile njia ya kuhamisha muziki kama kifaa cha media, haitaonekana maana hiyo inataka kuanzia Windows XP yenye Windows Media Player 10.

Na jamani wote mnaosoma hapa, zile programu za "draiva zote kwa kliki moja" achaneni nazo, nyingi zinakujazia takataka na virusi tu. Mtu asiyekuuliza hata namba ya Windows yako anabahatisha, asishike mashine yenye kitu usichoweza kukipata tena. Hizo kaswida zitolee kopi kwanza, chomoa hard disk ya hiyo kompyuta, tafuta adapta ya IDE (aina ya plagi ya hard disk za zamani) ya kuchomeka USB kwenye kompyuta mpya, Windows za sasa zinaisoma FAT32 bila tabu, ukishazisikiliza zote zinaimba ndo urudi kuhangaika na pleya.