Zaburi ya 136 Usiinakili na Kubandika

Watu wakisikia nachapa Biblia kwenye kompyuta ili kuitafakari, hudhani nina mpango wa kuimaliza yote. Sina. Nachapa mistari michache asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia steshenari, na fungu likinishika nalirudia kesho yake.

Kuchapa ndiyo kazi yangu: barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupanga nyumba, ripoti za wanachuo. Kwa hiyo nawatahadharisha mapema wanaotaka kuanza. Vidole vikishazoea, vinaweza kumaliza ukurasa mzima huku akili iko sokoni inachagua nyanya. Ukimchapa Isaya kwa namna hiyo utabaki na faili tu.

Kinachonisaidia ni hiki: nasoma kipande chenye maana kamili, naondoa macho kitabuni, ndipo nachapa. "Kando ya maji ya utulivu huniongoza." Kikinitoka kichwani narudi kusoma tena, maana hakuna mteja anayesubiri. Ule muda mfupi ambao maneno hayako tena mbele ya macho na bado hayajafika kwenye vidole, kwangu ndio tafakari yenyewe. Mengine ni uchapaji.

Tumia Biblia ya karatasi. Ukichapia kwenye simu, zima data, na zima pia ule ubashiri wa maneno. Simu haijui "nijapopita" wala "vyanifariji" za Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya 1952. Itakung'ang'aniza neno la mtaani. Na maneno hayo magumu ni mazuri kwa kazi hii, kwa sababu yanakulazimisha kwenda polepole.

Anza na Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Mtu wa kompyuta akiiona tu, mkono unaenda wenyewe kunakili na kubandika. Usifanye hivyo. Chapa kiitikio chote, mara zote 26. Mwanzoni ni raha: mbingu, nchi, jua, mwezi. Halafu mstari wa 10 Wamisri wanapigwa, wazaliwa wao wa kwanza wanakufa, na bado unatakiwa kuchapa kwamba fadhili zake ni za milele. Baadaye wanauawa Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani, na kiitikio ni kilekile. Kwa kusoma nilikuwa napita hapo bila shida yoyote. Kwa kuchapa nilikwama, na nadhani ni vizuri kukwama. Mstari wa 23 unakumbusha kwamba wanaoimba ni watu waliokuwa katika unyonge. Kisha wa 25 unasema anawapa chakula wote wenye mwili. Wote, nami siwezi kuwatoa Wamisri humo. Swali langu halijaisha, lakini sasa najua liko mstari gani.

Wapo wanaosema kalamu ni bora. Huenda kwao ni hivyo. Kumbukumbu la Torati 17 inamtaka mfalme ajiandikie nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake, na sababu mojawapo inayotajwa ni moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Ndiyo maana sipendi kuona mtu akipiga picha ukurasa aliouchapa na kuuweka status kila asubuhi. Mstari mmoja wa kumfariji mgonjwa, sawa, mtumie. Hesabu ya sura ulizomaliza kaa nayo.

Ukizoea, nenda Zaburi ya 119. Mistari 176 inatisha, ila yenyewe imegawanywa katika mafungu 22 ya mistari minane minane, kwa kufuata herufi za Kiebrania. Fungu moja kwa asubuhi linatosha kabisa. Ile orodha ya vizazi mwanzoni mwa Mambo ya Nyakati, mimi naisoma tu.