Nimelivalisha jiko langu la bati udongo, na nawe unaweza

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Dada, nimekandika udongo kwenye jiko langu kama ulivyosema, umepasuka wote. Nifanyeje?" Swali hili naulizwa sana, kwa hiyo leo nalijibu mbele ya wote. Ila wengi mmenijua karibuni tu, ngoja kwanza niwape habari ya jiko lenyewe.

Jiko la bati tunalijua. Bei yake nafuu na linawaka haraka, lakini ubavu wake ni bati tupu, na joto la kuivisha chakula linatokea pembeni likakuunguza miguu. Hapa kwangu Mbagala maharage ni chakula cha karibu kila siku, na mkaa wa kopo ulikuwa unakula hela ya mboga. Gesi ninayo, ya chai na ya kupasha. Makande siyabandiki kwenye gesi, mtungi hautamaliza mwezi. Najua Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na siku hiyo naitamani kwa moyo wote. Lakini leo jioni watoto watataka kula.

Wazo si geni. Mapema miaka ya 1980 wenzetu wa Kenya walilichukua jiko la ndoo la Thailand, wakalitengeneza upya: nje bati, ndani udongo uliochomwa. Udongo unazuia joto lisitoroke, mkaa unadumu. La ukubwa wa sufuria zangu sikuwa na hela ya kulinunua, nikasema nitalivalisha hili hili nililonalo.

Nikachimba udongo wa kichuguu. Nikiwa uani naukanda, wifi yangu akaingia na wageni, akawaambia, "Mwenzenu amerudi utotoni, anacheza matope." Wakacheka. Sikujibu, lakini kile kicheko kinaniuma mpaka leo. Fundi wa majiko wa mtaani naye akaniambia hiyo si kazi ya mwanamke. Jamani! Vyungu vya nchi hii vimefinyangwa na nani? Nenda Upareni, nenda kwa Wakisi kule Ziwa Nyasa, uone ni mikono ya nani iliyolisha vizazi. Bibi zetu waliujua udongo kabla bati halijafika.

Sasa jibu. Udongo wa mfinyanzi peke yake lazima upasuke, maana ukikauka unasinyaa, na bati halisinyai. Chukua vigae vya chungu kilichovunjika, twanga, chekecha, changanya na udongo wako na mchanga kidogo. Kanda mpaka ukiviringisha kijiti cha udongo huo kinakunjika bila kukatika. Kandika unene wa vidole viwili, juu papana, chini pembamba, ili mkaa ujikusanye katikati. Usizibe matundu ya wavu wala mlango wa majivu. Ukingoni finyanga mafiga matatu madogo, sufuria isikae bapa ikauzuia moto kupumua.

Kisha kausha kivulini. Kivulini, dada yangu! Umeniambia mwenyewe uliliweka juani: nje kukakauka, ndani kukabaki kubichi. Subiri mpaka ukipapasa usisikie ubaridi. Moto wa kwanza uwe wa vipande vichache tu vya mkaa, uachwe uzime wenyewe. Nyufa ndogo utaziziba kwa uji wa udongo uleule.

Maharage niliyokuwa nayaongezea mkaa katikati, sasa yanaiva kwa mkaa niliowashia. Yakishachemka nafunga mlango wa chini nusu, basi. Ila kwa kuwa mkaa unakaa na moto muda mrefu, nawasihi msiliingize jiko chumbani usiku kwa ajili ya joto. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Wadada, msingoje fundi awape ruhusa. Katika matanuri ya asili, kilo 100 za kuni kavu hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 hivi. Kila kopo unaloliokoa ni kuni nyingi zilizobaki msituni na hela iliyobaki kwenye kanga yako. Anayekucheka hakununulii mkaa. Jifunze, jaribu, na ukikausha, kausha taratibu.

Mwaka jana wifi aliniletea jiko lake nimvalishe. Nilimvalisha, tena vizuri kuliko langu. Lile neno la siku ile ya wageni hajaligusa, na mimi bado nalisubiri.

Kwako wa Morogoro: bandua huo udongo uliopasuka, usiutupe. Vipande ambavyo havijapata moto viloweke usiku kucha, vitalainika uvikande upya. Vilivyokwisha kuungua vitwange, ndivyo vigae vyako.