Barua kwa mwanangu aliyepewa kazi ya kuzuia kujiua jeshini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Umeniarifu kwamba umeteuliwa kuongoza mpango wa kuzuia kujiua miongoni mwa wanajeshi na familia zao, na unaniuliza, kwa kuwa nimeifanya kazi ya ustawi wa jamii na familia za askari kwa muda mrefu, fedha za mwaka wa kwanza uzielekeze wapi: kwenye mafunzo ya askari wote, au kwenye kuajiri washauri nasaha zaidi. Vyote viwili vinahitajika, lakini havitamfaa yeyote iwapo askari anaamini kwamba akiomba msaada atakosa cheo. Anza na hofu hiyo, na uanze nayo kwa makamanda.

Askari hujifunza mengi kwa kutazama yanayompata mwenzake. Akimwona aliyekwenda kwa daktari wa afya ya akili amerudi na kuondolewa kikosini, akapangiwa kazi ya stoo bila maelezo, na habari zake zikazagaa kambini kabla ya jua kuzama, hakuna semina itakayomfanya afungue kinywa. Kwa hiyo dai kanuni iliyoandikwa: nini mshauri atakitunza kuwa siri, nini atalazimika kumwarifu kamanda kwa sababu uhai uko hatarini, na kwamba kutibiwa peke yake si sababu ya kumnyima mtu kozi au kupandishwa cheo. Kisha hakikisha kila askari anaijua kanuni hiyo kabla hajaihitaji.

Nakupa mfano ninaouamini. Mwaka 1996 Jeshi la Anga la Marekani, chini ya Jenerali Ronald Fogleman, lilianzisha mpango ambamo kuzuia kujiua kulifanywa kuwa wajibu wa uongozi mzima, wala hakukuachiwa hospitali pekee. Makamanda waliwahimiza askari wao waziwazi kutafuta msaada, huduma za jamii zikaratibiwa pamoja, na askari aliyekuwa chini ya uchunguzi wa kisheria akaangaliwa kwa karibu, kwa kuwa aibu ya kushtakiwa ni wakati wa hatari kubwa. Watafiti walipolinganisha miaka ya kabla na ya baada ya mpango huo, walikuta hatari ya kujiua imepungua kwa asilimia 33, na ukatili mkubwa majumbani nao umepungua. Lakini lipo jambo ambalo wanaousifu mpango huo hulipita haraka: mwaka 2004 vifo viliongezeka tena, na uchunguzi ulionyesha kwamba mwaka huo utekelezaji ulikuwa umelegea. Waoneshe wakubwa wako mwaka huo watakapokuambia kwamba fedha za kuanzia zinatosha.

Sasa nije kwa familia, ambako nakuomba uweke moyo wako zaidi. Watu wengi hudhani kwamba askari hujiua kwa sababu ya vita alivyoviona. Vita huumiza, lakini utafiti uliofanywa jeshini Marekani unaonyesha kwamba wengi waliofariki kwa njia hii hawakuwahi kufika uwanja wa mapambano, na kwamba mara nyingi kilichotangulia ni ndoa kuvunjika, madeni, kesi ya nidhamu, sonona au pombe. Mambo hayo huonekana nyumbani kabla hayajaonekana kwenye gwaride. Mke ndiye anayejua kwamba mumewe halali, kwamba ameanza kugawa vitu alivyovipenda, kwamba anazungumza kama mtu anayeaga. Mara nyingi hanyamazi kwa kutojali. Anaogopa kwamba simu yake itaishia mezani kwa kamanda, na mshahara wa nyumba nzima utaingia matatani.

Wafundishe watu wa nyumbani kuuliza bila kuzunguka: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na hofu hiyo haina msingi, aliyebeba mzigo huo hupata nafuu anapoulizwa. Wafundishe pia wasimwache peke yake aliyejibu ndiyo, na wapatie namba ya simu inayopokewa usiku na mchana na watu walio nje ya mlolongo wa amri wa kikosi. Wala usiwafanye wake, waume na watoto kuwa walinzi wa askari tu. Wao wenyewe huhama kila mara, huachwa peke yao kwa miezi, na baadhi yao hufikia kukata tamaa. Mpango wenye jina la familia lazima uwe na mlango ambao mke au kijana anaweza kuingia kwa shida yake mwenyewe.

Kuhusu silaha utapata upinzani, kwa hiyo jiandae. Dhoruba ya mawazo ya kujiua mara nyingi hupita baada ya saa chache, na mtu anayevuka saa hizo bila chombo cha kumdhuru mkononi ana nafasi kubwa ya kuishi. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliwataka askari waache bunduki zao vikosini waendapo nyumbani mwisho wa juma. Vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 40, na karibu upungufu wote ulikuwa wa siku hizo za mapumziko. Waeleze makamanda kwamba utaratibu ukiwa wa wote, hakuna anayeaibishwa mbele ya wenzake kwa kunyang'anywa bunduki.

Washauri utakaowaajiri wajue kuandika mpango wa usalama pamoja na mhusika, kwa maneno yake mwenyewe: dalili zinazomwambia kwamba hali inaharibika, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtuliza, wa kumwomba msaada, wataalamu wa kupigiwa simu, na namna nyumba itakavyofanywa salama. Ni karatasi moja ya kukunja mfukoni. Katika hospitali za wastaafu wa jeshi la Marekani, waliopewa mpango huo na kufuatiliwa kwa simu walionyesha matendo ya kutaka kujiua pungufu kwa takriban asilimia 45 katika miezi sita.

Waliokwisha kufiwa nao ni wako. Hadi Julai 2011 rais wa Marekani hakuwa akiziandikia barua za rambirambi familia za askari waliojiua wakiwa vitani. Barack Obama ndiye aliyebadili utaratibu huo. Mjane wa kwanza utakayemhudumia asikose heshima za mazishi ya mumewe, wala asihamishwe kwenye nyumba ya jeshi kwa haraka kama mwenye hatia.

Mwisho, usikubali kupimwa kwa idadi ya vifo vya mwaka mmoja, maana katika jeshi dogo idadi hiyo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Hesabu waliokuja kuomba msaada kwa hiari yao, familia zilizopiga simu, na waliotibiwa wakabaki kazini. Kabla hujatia saini, omba kanuni ile ya siri iwe sehemu ya barua yako ya uteuzi, na unitumie rasimu niisome.

Mama yako